Kungoja Nako Kuna Bei Yake

Anayetaka kujua kwa nini Githurai 45, katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ina paka wengi namna hii asiwaulize wapenda wanyama. Awaulize wauza nafaka. Palipo na magunia ya mahindi, ndengu na maharagwe, panya hawakosi, na mwenye duka ana njia mbili za kupambana nao. Ya kwanza hupita mbele ya kibanda chake ikitangazwa kwa kipaza sauti: dawa ya panya, ya mende, ya kunguni. Ya pili ni paka. Sumu ni rahisi kununua, lakini duka la chakula ambamo watoto wanacheza chini ya meza si mahali pa kuitega. Basi paka analetwa, mara nyingi jike, kwa kuwa wengi huamini jike ndiye mwindaji hodari. Miezi michache baadaye tumbo linaning'inia, na mtu aliyetaka paka mmoja anajikuta na watano.

Kinachofuata kinajulikana. Watoto wa paka hutiwa kwenye katoni na kuachwa kando ya reli au nyuma ya vibanda vya mboga, kwa matumaini kwamba mwenye huruma atapita. Baadhi huokotwa. Wengi hawaokotwi. Kwa hiyo habari kwamba kuna siku ya kufunga paka kizazi kwa bei nafuu ni habari kubwa kwa mtu wa huku, hata kama hatasimama barabarani kuitangaza.

Tuseme siku hiyo imefika. Mama mmoja wa nafaka amepata nafasi ya Jumamosi. Ameazima kikapu chenye kifuniko, na paka amemfungia ndani tangu Ijumaa jioni. Asubuhi paka anapiga chafya. Jicho moja linatoa machozi, pua imelowa. Aende au abaki?

Majirani watamwambia abaki. "Mama, mnyama mgonjwa hapasuliwi. Ngoja apone kwanza." Ni ushauri wa watu wema, na mimi naupinga. Mara nyingi, kwa paka mwenye ugonjwa mdogo katika mtaa kama huu, si sahihi. Na hata unapokuwa sahihi, haujakamilika. Anayeahirisha amekwisha kuamua, na uamuzi wake una hatari zake. Tatizo ni kwamba hatari za kisu tunaziona mezani kwa daktari, ilhali hatari za kungoja hutokea baadaye, gizani, chini ya meza ya duka, wala hakuna anayezihesabu.

Tuanze na hofu yenyewe, maana ina msingi. Kumfunga paka jike kizazi si kumdunga sindano tu. Tumbo hufunguliwa, ovari huondolewa, na kwa kawaida mji wa mimba nao, paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Dawa hiyo inaweza kuua. Utafiti mkubwa uliofanywa katika kliniki 117 za Uingereza kati ya mwaka 2002 na 2004 ulifuatilia paka zaidi ya 79,000 waliopewa dawa ya usingizi au ya kutuliza. Kwa jumla alikufa paka 1 kati ya takriban 420. Miongoni mwa waliohesabiwa kuwa wazima, alikufa 1 kati ya 895. Miongoni mwa wagonjwa, 1 kati ya 71. Mtu akikomea hapo, majirani wameshinda: hatari imepanda zaidi ya mara 12.

Asikomee hapo. Aulize ni nani aliyeitwa mgonjwa. Madaktari wa usingizi wa wanyama hutumia ngazi tano zilizotokana na zile za wenzao wa binadamu wa Marekani. Ngazi ya 1 ni mzima kabisa. Ya 2 ni mwenye ugonjwa mdogo ambao mwili unaumudu. Ya 3 ni mwenye ugonjwa mkali, ya 4 ni ambaye ugonjwa wake unatishia uhai, na ya 5 ni mahututi. Katika utafiti ule, kundi la "wazima" lilichanganya ngazi ya 1 na ya 2. "Wagonjwa" walikuwa wa ngazi ya 3 kwenda juu. Kwa maneno mengine, paka anayepiga chafya huku akila, akitembea na kupumua vizuri hayumo katika ile hesabu ya kutisha. Huenda hatari yake imepita kidogo ya mwenzake asiye na mafua, lakini yumo katika kundi la 1 kati ya 895. Neno "mgonjwa" tunalolitumia mtaani kwa kila paka mwenye tongotongo limemtupa katika kundi lisilo lake.

Wanaofanya kazi hii kila siku walikwisha kuliona hilo. Mwongozo wa chama cha madaktari wanaohudumia makao ya wanyama huko Marekani, uliotolewa mwaka 2008 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016, hausemi kwamba mafua mepesi, minyoo au viroboto ni sababu ya moja kwa moja ya kumrudisha paka nyumbani. Unamtaka daktari apime: faida ya kumfanyia leo na hatari ya leo, dhidi ya uwezekano kwamba paka huyu hataonekana tena. Anayewafahamu paka wa Lamu, wanaolala barazani na kula sokoni bila kuwa na mwenyewe mmoja, ataielewa hoja hiyo haraka. Paka wa namna hiyo akinaswa mara moja, hanaswi kwa urahisi mara ya pili.

Hata hivyo, takwimu za Uingereza hazihamishwi hivi hivi hadi kwenye hema lililosimamishwa uwanjani. Zile zilikuwa kliniki za kudumu, katika nchi ambako vifaa vya kumfuatilia mnyama aliyelala si haba. Ndiyo sababu ningemshauri mwenye paka aulize kuhusu mwisho wa upasuaji kuliko mwanzo wake. Katika utafiti uleule, asilimia 61 ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji kumalizika, na takriban nusu ya hivyo ndani ya saa 3 za kwanza. Paka aliyelazwa hupoteza joto upesi. Kama ni Julai, sakafu ya saruji ya chumba cha Githurai haimsaidii. Nani atakaa naye mpaka ainue kichwa? Kuna blanketi? Kuna chupa ya maji moto iliyozungushiwa kitambaa? Kampeni isiyo na majibu ya maswali haya haimfai hata paka mzima.

Sasa, ugonjwa mdogo ni upi? Kipimo cha kwanza ni sahani. Paka hukijua chakula kwa harufu, kwa hiyo pua ikiziba sana hamu hupotea. Paka aliyemaliza omena zake Ijumaa jioni na kulamba sahani anakueleza mengi kuliko chafya zake. Cha pili ni pumzi. Paka akihema kwa mdomo wazi ilhali ametulia, suala la kizazi limekwisha. Huyo anahitaji daktari kwa dharura. Dawa ya usingizi huregeza misuli na kupunguza pumzi, na koo la paka ni jembamba na hujibana likiguswa. Njia ya hewa iliyokwisha kujaa makamasi haina nafasi ya kupoteza zaidi.

Cha tatu ni ufizi. Inua mdomo wa juu utazame. Ufizi wa waridi ni dalili njema. Ufizi mweupe ni upungufu wa damu, jambo la kawaida kwa paka wachanga walionyonywa na viroboto, na mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza mezani. Ufizi wa manjano huelekeza kwenye ini, ambalo ndilo linalosafisha mwilini sehemu kubwa ya dawa anazopewa. Cha nne ni joto la mwili, ambalo daktari hulipima mwenyewe. Kwa paka aliyetulia huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Ukiongeza kutapika, kuhara kusikokoma na ngozi ya mgongo inayochelewa kurudi mahali pake ikivutwa, una orodha ya kutosha. Lolote kati ya hayo likiwepo, upasuaji usubiri. Yasipokuwepo, chafya peke yake haitoshi kuvunja safari.

Neno la mwisho ni la daktari aliyemshika paka mkononi, si la jirani, wala si langu. Lakini daktari naye anamtegemea mtu mmoja.

"Alikula lini mara ya mwisho, mama?"

"Jana jioni, daktari. Omena, na ugali kidogo. Alimaliza."

"Na hizi chafya zina siku ngapi?"

Hapo ndipo wengi hushawishika kudanganya. Mtu ametoka mbali, amelipa nauli, anaogopa kurudishwa. Anasema zimeanza leo, kumbe ni siku ya tano na paka hajala tangu juzi. Uongo huo ni hatari kuliko mafua, maana kisa cha mgonjwa ni nusu ya uchunguzi, na paka hawezi kujieleza. Tena si yeye peke yake aliye hatarini. Mafua mengi ya paka husababishwa na virusi viwili, vya herpesi na vya kalisi. Husafiri kwa chafya, kwa mikono ya wahudumu na kwa vizimba, na vile vya kalisi vinaweza kudumu wiki kadhaa juu ya kitu kikavu. Mwenye paka anayepiga chafya apige simu kabla ya kuondoka nyumbani, asikiweke kikapu chake katikati ya vikapu vya wenzake, na akubali paka wake awe wa mwisho mezani. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaotaka paka huyu abaki nyumbani, na dawa yake ni utaratibu mzuri.

Upande wa pili wa mizani ni bei ya kungoja. Majirani wanaposema "apone kwanza" wanadhani mafua huja na kuondoka. Yale ya herpesi hayaondoki. Dalili hutoweka baada ya wiki moja au mbili, lakini virusi hujificha kwenye neva, na paka wengi huvibeba maisha yao yote. Huibuka tena paka anapotaabika, na miongoni mwa taabu zinazoviibua ni kuzaa na kunyonyesha. Mama anawalamba wanawe, anawapigia chafya, na wao huugua hasa pale kinga waliyoipata kwenye maziwa inapopungua, katika wiki ya tano hadi ya saba hivi. Wale wachanga wenye macho yaliyogandana kwa usaha ambao tunawaona kwenye katoni, wengi ugonjwa waliupata kwa mama yao. Aliyemhurumia paka mmoja mwenye mafua akamwacha azae amejipatia paka watano wenye mafua.

Kisha kuna jua. Uzazi wa paka huongozwa na urefu wa mchana. Huko Ulaya, siku zinapokuwa fupi wakati wa baridi, majike wengi hupumzika kwa miezi kadhaa. Githurai iko takriban nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba. Jike wa huku hana msimu wa kupumzika. Anaweza kupevuka akiwa na miezi minne hadi sita, na asipopandwa, joto humrudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Mimba huchukua siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kwa hesabu hiyo, zile "wiki mbili tu" za kungoja zinatosha kabisa paka kuingia joto na kutoka. Na atazuiwa na nini? Duka halina mlango wa pili, ploti ina korido moja ya wote, na madume wako juu ya mabati usiku kucha.

Kuna jambo la tatu ambalo huchelewa kuonekana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka waliofungwa kizazi kabla ya miezi sita walikuwa na hatari ndogo zaidi ya saratani ya matiti, pungufu kwa asilimia 91. Waliofungwa kabla ya kutimiza mwaka, pungufu kwa asilimia 86. Kinga hiyo hupotea jinsi umri unavyosonga. Na uvimbe wa matiti ya paka, tofauti na wa mbwa, mara nyingi ni saratani kweli.

Lakini bei kubwa kuliko zote huku kwetu ni ya fursa. Anayeishi Karen, mtaa wa wenye uwezo, akiahirisha, anaahirisha hadi Jumanne. Wa Githurai akiahirisha, mara nyingi ameacha. Ili kufika kwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete, atapanda matatu hadi mjini, avuke na kikapu kinacholia katikati ya umati, apande nyingine, huku utingo akimkodolea macho. Makao makuu ya KSPCA, chama cha kutetea wanyama chenye mizizi tangu mwaka 1910, yako upande ule mwingine wa jiji, Karen. Kliniki za binafsi zipo karibu kidogo, lakini upasuaji huo hugharimu maelfu ya shilingi, na kwa mpangaji wa chumba kimoja kodi ndiyo ya kwanza. Siku ya bei nafuu ikimpita hajui itarudi lini. Kwa hiyo anapopima mafua mepesi, yuko sahihi kabisa kuiweka mizanini hata nauli.

Hata hivyo kuna paka watakaorudishwa, na inapaswa iwe hivyo. Kwao nasema kungoja kuwe na masharti. Kwanza, tarehe, siyo "akipona". Pili, mlango: paka afungiwe ndani hadi siku hiyo, hata akilia usiku kucha na wapangaji wakalalamika. Tatu, uuguzi: usaha ufutwe kwa pamba yenye maji vuguvugu, chakula kipashwe moto kidogo ili kinukie, na asipokula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari.

Na asipewe Panadol. Hili nalisisitiza kwa sababu paka mwenye mafua anaonekana kama mtoto mwenye mafua, na mkono wa mzazi huenda wenyewe kwenye kabati la dawa. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol iliyomo ndani yake kama letu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua: damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso unavimba. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin zinazouzwa agroveti. Kwa paka ni sumu. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa bingwa wa ng'ombe na kuku, na Kiambu hao ndio wanaomletea wateja, lakini mwulize kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo kabla hujampa paka anachokuuzia.

Najua wapo watakaouliza kwa nini ukurasa mzima unatumika kwa paka wakati hospitali za watu hazina dawa. Nawajibu kwa kifupi. Paka wasio na mwenyewe huumana na mbwa wasio na mwenyewe, na nchi hii ina mpango rasmi wa 2014 hadi 2030 wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu. Idadi ya wanyama wa mitaani ikishindikana kudhibitiwa, chanjo nayo hushindikana. Hayo ni mambo ya afya ya watu.

Tena sheria ya kuyashughulikia tunayo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti huduma za mifugo na, kwa kutajwa waziwazi, udhibiti na ustawi wa wanyama. Kiambu si kaunti inayohitaji kufundishwa daktari wa mifugo ni nani; maziwa ya Githunguri na ya vijiji vingine vingi yanategemea madaktari hao. Lakini Ruiru na Githurai za leo ni za maghorofa, na wanyama wake ni paka wa madukani na mbwa wa getini. Siku moja kila mwezi katika kaunti ndogo ya Ruiru, tarehe ikijulikana, daktari aliyesajiliwa akiwa mezani na mtu wa kuwaangalia wanyama wanapoamka, ingebadilisha swali lote hili. Paka mwenye chafya angeambiwa arudi mwezi ujao, na asingekosa kitu zaidi ya wiki nne mlango ukiwa umefungwa.

Kwa sababu tukiangalia vizuri, mafua hayakuwahi kuwa sehemu ngumu ya uamuzi huu. Daktari huyapima kwa dakika chache. Ugumu umeletwa na uhaba wa siku, unaomlazimu mtu wa kipato kidogo kuchagua kati ya kumpasua paka wakati usio mzuri na kutompasua kamwe. Kaunti ikileta siku hizo, nami nitajiunga na wanaosema paka apone kwanza. Kabla ya hapo, anayemwambia mwenzake angoje amtajie na tarehe.